Kitawi Kilichobaki Kikapuni

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, mwezi wa Februari, Markellos alimkuta Bibi amekatwa matawi sita. Bibi ni mzabibu. Kisiwani Santorini mizabibu haisimami wima kwa maringo. Husukwa mviringo chini kwenye majivu ya volkano, mfano wa kikapu, upepo ukaipita juu. Bibi ndiye aliyetoa ule mvinyo mweupe mkavu, wenye chumvi kwa mbali, ulioshinda medali mwaka jana. Sasa alibakiwa na kitawi kimoja.

"Akikauka huyu, na mimi nimekwisha," alisema Markellos.

Sajini Argiro wa polisi alichuchumaa. Mikato ilikuwa safi, ya makasi. Kitawi kilichosalia kilikunjwa vizuri ndani ya kikapu, kuelekea kushoto. Vikapu vingine, alivyosuka Markellos mwenyewe, vyote vilielekea kulia. Akaandika.

Saa nne, mkahawani, aliwahoji watatu. Kila mmoja wao, Argiro alimpa ashike kitawi kirefu cha mzabibu.

"Nyumbu wako wa mizigo alionekana pale shambani," alimwambia Thrasos mchukuzi.

"Afande, nyumbu wangu anakula kofia za watalii. Makasi hajajifunza!" Thrasos akajichapa buti kwa kitawi.

Bwana Vlasis, mwenye hoteli aliyelitamani shamba lile, alikiweka mezani akajipangusa vidole. "Mimi nanunua ardhi, sipogoi."

Wa mwisho alikuwa Zannis, kaka mkubwa wa Markellos. "Nililala. Muulize mke wangu, nilikoroma mpaka akahama chumba."

"Na ushindi wa mdogo wako?"

"Wake? Haya, wake."

Argiro alikuwa akitazama mikono tu. Kitawi cha Zannis kilishakuwa duara, kimeelekea kushoto.

"Kile cha Bibi, mgeni angekiacha kipeperuke," alisema. "Wewe ulikata kwa chuki, kisha mkono ukakihifadhi kilichobaki, kama ulivyozoea. Tena mkono wa shoto."

Zannis aliliangalia duara kana kwamba limemchongea.

"Nimemsuka Bibi miaka thelathini!" alifoka, akimgeukia Markellos aliyesimama mlangoni. "Wewe uko melini, unatutumia picha! Unarudi, baba anakupa shamba, na medali unavaa wewe!"

"Mbona hukumaliza kitawi cha saba, kaka?"

"Mkono ulikataa."

Argiro alitoa pingu. Markellos akakohoa.

"Afande, mfunge wa kulia tu. Huo wa kushoto nauhitaji. Bibi lazima asukwe kabla ya Machi, na mimi, Mungu anajua, nasuka kama baharia."