Sabuni Inataka Upepo

Kila asubuhi, baada ya kukanda mkate, Naziha alipita kuitazama sabuni. Ilikuwa katika chumba cha nyuma ya nyumba yake, kijijini karibu na Aleppo. Yeye na wajane wenzake walikuwa na ushirika. Majira ya baridi walikuwa wamepika sabuni katika sufuria moja kubwa, kwa mafuta ya zeituni na ya ghari, tunda la mlimani lenye harufu nzuri. Sasa ilibaki kukauka tu. Mwisho wa kiangazi angekuja mwenye duka kutoka mjini. Akiikubali, wangebaki kijijini. Akiikataa, wangerudi kambini, kwenye mahema ya wakimbizi.

Asubuhi moja Naziha alibonyeza kipande. Kidole kikazama.

"Mungu wangu! Laini kama jibini!"

Akamwita jirani yake, Mama Zakuri, ambaye marehemu mumewe alikuwa fundi wa sabuni mjini. Bibi akaja akiburura ndara. Alipofika mlangoni, akaziba pua.

"We Naziha, unakausha sabuni au unaatamia mayai?"

"Usinicheke, mama. Nimeitunza kuliko wanangu. Nimeibananisha, nimeifunika, na madirisha nimeyaziba kwa nailoni."

"Nani kakwambia?"

"Tangu mabomu yavunje vioo, si kila dirisha tunaliziba? Nimeogopa vumbi, nimeogopa wezi, nimeogopa harufu isije ikapotea."

Mama Zakuri akaacha kucheka, akamshika bega.

"Mwanangu, vita vimetuzoeza sote kujifungia. Lakini sabuni ina maji ndani. Yatatokea wapi? Inataka upepo, tena kivulini. Jua kali litaipasua."

"Basi imeharibika?" Naziha aliuliza.

Bibi akakata kipande, akakigeuza, akakinusa.

"Haijaharibika. Imenyimwa hewa tu. Waite wenzio."

Wanawake wakaja, wakabandua nailoni. Upepo wa mlimani ukaingia. Wakaanza kuipanga sabuni upya, kama minara.

"Acheni nafasi katikati, mkono wa mtoto upite," Mama Zakuri alisema. "Na msiiuze upesi. Sabuni mbichi huunguza ngozi."

"Na wezi je, mama?" Naziha aliuliza.

"Mwizi wa sabuni angalau ataoga!"

Wakaangua kicheko. Hata hivyo, dirishani wakafunga wavu wa chuma.

Kiangazi kikapita. Rangi ya kijani ikageuka dhahabu. Mwenye duka alipokuja, alikata kipande kimoja: nje dhahabu, ndani bado kijani. Akakinusa, akafumba macho.

"Hii ndiyo aliyotuogeshea mama yangu," alisema. "Nipakilieni yote. Na msimu ujao mpike tena."

Wanawake wakapiga vigelegele. Naziha aliingia ndani, akavifungua virago alivyokuwa amevifunga kwa siri, tayari kurudi kambini, akatoa birika zuri, akawachemshia wenzake chai.