Kilichobaki Nje ya Picha

Kila alasiri, Macho Manne, kama wenzake walivyomwita kwa sababu ya miwani yake, alipitia studio ya shangazi yake, mpiga video za harusi. Siku hiyo aliingia akihema.

"Shikamoo shangazi! Nimemnasa mwizi wa kengele!"

"Marahaba. Hebu nione."

Tangu kengele ya shule itoweke wiki iliyopita, kila mtu alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Sasa kioo cha kompyuta kilijaa macho ya fundi seremala wa shule, katika video ya siku ilipotoweka, yakitazama huku na huku. Ikafuata mikono yake, karibu kabisa, ikisukuma kitu king'aacho mfukoni. Mwisho alionekana akiondoka ukumbini, jitu la kutisha, kichwa karibu kiguse dari.

"Klabu ya filamu nzima imeona," Macho Manne alisema. "Binti yake tumemhamisha dawati. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Shangazi hakutabasamu. "Fundi huyu ni mrefu hivyo?"

"Aa, mfupi tu. Nililaza kamera sakafuni ili atishe."

"Na hapa anamtazama nani?"

Macho Manne akababaika. "Sijui. Nilivuta picha karibu."

"Ya mbali huna?"

"Ipo. Niliacha kamera nyingine ikirekodi ghorofani nikaenda kunywa maji; niliporudi ndipo nikamwona fundi akitia kitu mfukoni. Sikuiangalia, haina msisimko."

"Ifungue."

Kutoka juu, fundi alionekana mdogo. Mbele yake alisimama mwalimu wa zamu, yule aliyesafiri kwenda semina siku hiyohiyo kengele ilipotoweka. Mwalimu alimkabidhi fundi kengele na mpini wake uliovunjika, wakaagana. Fundi akaanza kutafuta penseli huku na huku, nayo iko nyuma ya sikio lake!

Macho Manne hakuweza kucheka.

Kesho yake aliionyesha klabu picha nzima, kisha akamwendea binti wa fundi mbele ya wote. "Nilimsingizia baba yako. Nisamehe."

"Baba hakula jana aliposikia," binti alijibu kwa sauti ndogo. "Njoo umwambie mwenyewe."

Akaenda. Fundi alimsikiliza, akaweka chini kengele aliyokuwa akiitia mpini mpya, kisha akampa mkono.

Jioni shangazi alimwambia, "Mwanangu, kamera hutii anayeishika. Ukiiweka chini, mtu anakuwa jitu. Ukivuta karibu, unaficha kilicho kando. Hizo ni mbinu nzuri za kusimulia hadithi. Lakini jina la mtu si la kuchezea. Tafuta kwanza ukweli wote, ndipo uchague pa kusimama."