Sindano ya Yuditha

Uvimbe wa kwanza ulitokea paja la kushoto, na Theopista alikuwa amejichoma la kulia.

Alidhani amesahau. Alikuwa na miezi miwili tu tangu aanze insulini, mwaka 1994, na asubuhi za Mwika zina kazi nyingi: ng'ombe, majani, chai ya mume. Lakini kesho yake ukatoka mwingine, mwekundu, wa moto, unaowasha hadi machozi, na katikati yake tundu la sindano.

Nesi wa zahanati alimwelekeza vizuri. "Usichome dawa ikiwa ya baridi, ishike kwanza kiganjani. Badilisha sehemu kila siku. Pakiwasha, weka kitambaa cha maji. Na usiache, mama. Ukiacha utakufa."

Akafuata yote. Mapaja yakatulia. Ndipo mumewe Eliakim, akimsugua mgongo, akasimamisha mkono ghafla.

"Nini?"

"Mama Stella, huku nyuma nani anakuchoma?"

Vilikuwa vivimbe saba, vimejipanga katikati ya mabega, mahali mkono wake usipofika.

Dawa nayo ilikuwa ikipungua upesi kuliko alivyoitumia. Hawakuwa na friji. Eliakim alifukia chungu cha mchanga mbichi kihambani nyuma ya nyumba, chini ya migomba, na chupa ikakaa humo. Jioni ile Theopista alipokwenda kuichukua alisikia harufu ya ndizi zilizoiva zikapitiliza, tamu ya kuchefua, na harufu ile haikushuka kutoka mikunguni bali ilimjia usoni, vuguvugu, ikija na kukatika, ikija na kukatika, kama mtu anayepumua karibu kabisa na mdomo wake.

Alikimbilia nyumba ya mama mkwe, Elisifa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unatetemeka?"

Alipoeleza ile harufu, mama mkwe akakaa chini.

"Ndivyo alivyonuka mwanangu Yuditha siku ya mwisho," alinong'ona. "Sukari hiyo hiyo. Alikunywa ndoo nzima ya maji, kiu haikuisha. Hatukujua kama kuna dawa. Eliakim alikuwa hajazaliwa, hajui tulimzika wapi."

"Wapi, mama?"

Elisifa akatazama kwenye migomba.

Alfajiri wote watatu walisimama penye chungu, katika harufu ile ile. Elisifa aliongea Kichagga, polepole, kama anayembembeleza mtoto aliyegoma kula. Kisha akamgeukia mkamwana wake. "Mpe yake. Akipata yake atakuachia."

Theopista akapiga magoti, akavuta dawa, akaizamisha sindano ardhini, akasukuma.

Harufu ikakatika. Mgongoni muwasho ukapoa wote kwa mara moja, akaanza kulia kwa shukrani, na Eliakim akamshika bega. Na wakiwa hivyo hivyo udongo uliozunguka tundu la sindano ukaanza kuinuka, taratibu, ukawa uvimbe wa ukubwa wa ngumi, na walipoinama kuutazama wakasikia, kutoka chini, kucha za mtu anayejikuna.