Hortense Hakusema Hivyo

—Usinipe mukono, Hortense. Uurudishe mu mufuko.

Hortense alibaki na mkono hewani, mlangoni pa ukumbi wa parokia, pale commune Kenya, mtaa wa Lubumbashi. Watu wa masomo ya mtandaoni walikuwa wakiingia kwenye mkutano wao wa kila mwezi: walimu, watengeneza programu, wenye kurekodi masomo. Na Cathy, mkubwa wa mradi, ambaye Hortense alimwita yaya, yaani dada mkubwa, miaka yote, leo alimtazama kama mwizi wa kuku.

—Yaya Cathy, ni nini? Mi nilikukosea wapi?

—Unathubutu kuniuliza? Kazi ya Kambove nilikupigania mbele ya bakubwa bote. Nilisema: mupe Hortense, yeye njo eko na roho ya batoto. Na weye unanitumia audio ya matusi!

—Audio gani?

—Ooh! Leo hauijue tena?

Cathy alitoa simu, akabonyeza. Sauti ikatoka, sauti ya Hortense kabisa, hata ile pumzi yake ndogo kabla ya kusema:

"Yaya Cathy, niliwaza vizuri. Kazi ya Kambove siitake. Siwezi kuacha Lubumbashi niende kukula vumbi na batoto ba bachimbaji. Utafute mwingine."

Kazi ile Hortense alikuwa ameiombea kwa Mungu: kusimamia darasa la tableti kwenye mji ule wa migodi, watoto wasome hata pasipo mtandao. Na baba yake mwenyewe alizaliwa Kambove, mtoto wa mchimbaji. Angewatukanaje watu wa baba yake?

—Yaya, mi sikusema ile.

—Basi ni shetani njo alisema? Sauti ni yako!

—Sauti ni yangu. Lakini sikusema. Ilitoka ku numero gani?

—Numero ya mupya. Uliandika eti telefone yako iliharibika. Sikia, timu inaondoka kesho. Mukutano ukiisha, nafasi yako ninamupa Michée. Unipishe.

Akapita. Hortense akawaza. Sauti ya mtu haitembei peke yake. Nani alikuwa nayo? Mtu mmoja tu! Miezi mingi alikaa kwa Franck, mchumba wake, kule mtaa wa Naviundu, akisoma masomo ya hesabu mbele ya maikrofoni ili Franck aifundishe mashine kusema kama yeye. "Chérie, sauti yako itafundisha batoto ba Katanga muzima," ndivyo alivyombembeleza. Na ni Franck huyohuyo aliyenuna wiki nzima aliposikia habari ya Kambove. Kumbe! Kikulacho ki nguoni mwako.

Alimpigia.

—Franck, uko wapi?

—Niko ndani, chérie, natayarisha projekta. Leo njo siku yetu!

—Ulimutumia yaya Cathy audio na sauti yangu?

Franck akacheka kidogo.

—Tutasema ku nyumba. Banataka kuanza.

Akakata. Kile kicheko ndicho kilichomwasha Hortense. Franck angekasirika, angeapa, labda Hortense angemwamini. Lakini kucheka! Hortense akafuta macho, akaingia ndani.

Ukumbi ulijaa. Franck alikuwa mbele, kavaa suti yake nzuri. Aristote, mwongozaji wa mkutano, alishika maikrofoni.

—Bandugu, hii mashine inasoma somo lolote na sauti ya mwalimu. Mutupe maneno yoyote, Franck anaandika, inasema palepale! Nani eko na maneno?

—Mimi.

Franck alipomwona amesimama, tabasamu likamkauka.

—Andika, Franck: "Yaya Cathy, kazi ya Kambove siitake."

—Chérie, ile haiko somo...

—Andika!

—Hortense, tuheshimu bantu.

—Weye uliniheshimu? Andika! "Siwezi kuacha Lubumbashi niende kukula vumbi na batoto ba bachimbaji." Ile maneno unayajua, ulishayaandika!

Watu wakaanza kugeuka. Aristote, maskini, alidhani ni mchezo wa wachumba.

—Andika tu, ndugu, tusikie.

Franck hakugusa kitu. Basi Aristote mwenyewe akainama juu ya kompyuta, akaandika, akabonyeza. Sauti ya Hortense ikajaza ukumbi, pumzi na yote, na Hortense amesimama katikati ya watu, mdomo umefungwa.

Cathy aliruka kutoka kwenye kiti.

—Mungu wangu! Franck, ni weye?

—Yaya, mi nilikuwa natafuta...

—Ni weye ao haiko weye?

—Ni mimi.

Zogo likalipuka. Hortense alitoka nje, Franck nyuma yake mbio.

—Hortense, nilifanya juu ya mapenzi! Mwaka muzima kule Kambove, ungenisahau!

—Mapenzi? Uliniibia sauti, ukatukana nayo bantu ba baba yangu, na unaita mapenzi? Si ungenikataza mu macho! Tungegombana, tungelia, tungepatana. Weye ulinifunga kinywa, kisha ukasema pa nafasi yangu!

—Nilikosa. Nitafuta sauti yako yote mu mashine, leo leo. Nisamehe.

—Utafuta, yaya Cathy akiona. Masomo nitayasoma upya mi mwenyewe.

—Na siye? Papa na mama yangu banakuya kwenu dimanche, siku ya misa, kuposa. Nitabaambia nini?

Hortense alimtazama mtu aliyempenda hata akampa sauti yake. Machozi yalimjaa, lakini hasira iliyazuia.

—Kabla ya kufuta, andika kintu kimoja cha mwisho: "Papa, mama, musikuye dimanche. Franck simutake tena." Ubatumie na sauti yangu. Kwa mara ya kwanza ile mashine yako itasema kweli.

Akamwacha uani na suti yake. Ndani, Cathy alisogea, akampa nafasi kwenye benchi.

—Yaya, kesho tunaondoka saa ngapi?

—Asubuhi mapema. Unisamehe, mudogo wangu.

—Weye, yaya, nimekusamehe.