Taa Mbili Juu ya Cherehani

Kila alasiri, akitoka shule, Wakili alipitia karakana ya kushona sare za wanafunzi ili amngoje mama yake. Jina hilo la utani alipewa darasani, kwa kuwa hakuwahi kuona ugomvi akaupita. Hata usiomhusu aliuingilia. Alikaa mwisho wa meza ya kukatia vitambaa akifanya hesabu zake, huku cherehani zikinguruma.

Mama alishonea kwenye kona, mbali na dirisha, mahali ambapo taa iliungua zamani na hakuna aliyejali kuibadilisha. Hata joto liwe kali vipi, alivaa mikono mirefu na mtandio uliofunika mashavu.

"Popo wetu huyo!" mshona vifungo alitania siku moja. "Hebu mwashieni taa muone atakavyoruka!"

Karakana nzima iliangua kicheko. Mama naye akacheka, lakini kicheko chake kiliishia mdomoni. Wakili akahisi moyo ukimwaka. Bila kumuuliza mama yake lolote, aliondoka akaenda moja kwa moja kwa bosi.

"Shikamoo, bosi. Mbona mama yangu mnamweka gizani kama gunia la vitambaa chakavu? Kwani yeye si fundi kama wenzake?"

"Marahaba," bosi alijibu. Alikuwa mtu mwenye haya. "Kumbe! Sasa yeye mbona hajasema?"

Kesho yake taa mbili ndefu, nyeupe pe, zilikuwa zinawaka juu ya cherehani ya mama.

"Umeridhika, dada?" bosi alimuuliza.

Mama aliziangalia taa, akamwangalia binti yake aliyekuwa akichekelea. "Asante, bosi."

Tangu siku hiyo alirudi nyumbani akiwa hoi. Mashavu yalimwiva kama aliyepigwa makofi, vidole vikavimba. "Uchovu tu, mwanangu," alisema kila alipoulizwa. Wiki ya pili mkasi ulimponyoka, naye akaanguka sakafuni kando ya cherehani.

"Nilikwambia nini?" daktari alimuuliza hospitalini, uso kaukunja. "Una lupus. Jua na taa kali za namna hiyo kwako ni sumu. Sasa ugonjwa umegusa figo."

Wakili hakuwahi kulisikia neno hilo. Daktari akamgeukia. "Kinga ya mwili wa mama yako inamshambulia yeye mwenyewe. Haiambukizi, ila mwanga unaichokoza."

"Mama! Kwa nini hukuniambia?"

"Kule nilikokuwa nikifanya kazi zamani niliwaambia," mama alisema taratibu. "Wakakataa hata kunywea kikombe nilichoshika, mwisho wakanifukuza. Nikaapa sitasema tena."

Wakili alilia kwa uchungu. Kumbe ile kona ya giza ndiyo iliyomlinda mama yake, na yeye ndiye aliyemnyang'anya.

Mama alipopata nafuu walikwenda pamoja kwa bosi. Wakili alifungua kinywa, mama akamshika mkono.

"Nyamaza. Leo ninajisemea mwenyewe."

Akaeleza yote mbele ya mafundi wenzake. Bosi aliinuka. Alizima swichi, akapanda juu ya stuli, akazing'oa taa zote mbili kwa mikono yake. Haikuchukua hata muda wa kushona kola.

"Ni hivi tu?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Ulihitaji hivi tu?"

"Hivi tu, bosi."

Mshona vifungo aliinamia kazi yake, hakutania tena.

Njiani kurudi nyumbani walitembea chini ya mwavuli mmoja.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mama alisema. "Mimi nimeponea chupuchupu. Niliulizwa kama nimeridhika, nikasema asante, na ulimi ninao! Na wewe, kumtetea mtu ni jambo jema, lakini kwanza muulize anaumwa wapi."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe, mwanangu. Figo ndizo hazijui kusamehe."