Nilimtetea Aliyekiri Kumuua Dada Yangu

Mama alinitemea mate usoni, katikati ya soko la Mwaya, wauza mchele wanaangalia.

"Kuanzia leo huna mama. Nenda kwa huyo muuaji wako akakuzae."

Nilijifuta kwa khanga.

Sasa ngojeni niwaeleze, maana wengi mmesikia ya upande mmoja tu...

Ilikuwa 1996. Biashara huria imepamba moto, kila mwenye nguvu anavuka mto Songwe kufuata vitenge Malawi. Dada yangu Hellen na kaka yetu Angetile walikuwa na duka moja pale sokoni, na kutwa waligombania nani mwenye duka.

Mimi nilikuwa nimemaliza digrii ya kwanza. Najiandaa kwa uzamili wa saikolojia ya jinai, yaani kukaa na mshtakiwa na kuelewa kichwani mwake kuna nini. Ili nipate uzoefu, afisa ustawi wa jamii alinichukua nimsaidie kuongea na mahabusu.

Kisha duka likaungua. Hellen akiwa ndani.

Wiki haikuisha, Andrea, kijana mbeba magunia ya mpunga, akakiri polisi kwamba ndiye aliyelichoma.

Nilienda kumwona nikiwa na chuki, sitawaficha.

"Ulimuua dada yangu?"

"Ndiyo, dada."

"Kwa nini?"

"Kama walivyosema."

Walivyosema?

Nilikuwa nimesoma kwamba wapo watu wakiogopa hukubali lolote. Nikamtega.

"Ulitokea mlango wa nyuma?"

"Ndiyo, dada. Wa nyuma."

Lile duka halikuwa na mlango wa nyuma.

Nilimweleza mpelelezi. Aliguna, ila akaanza upya. Andrea akaachiwa.

"Ndaga fijo, dada," alinishukuru kwa Kinyakyusa, analia.

Nyumbani nilikuta moto mwingine. Angetile alinisubiri mlangoni.

"Unajitafutia masomo kwa maiti ya Hellen?"

Kesho yake ndiyo Mama akanitemea mate.

Mpelelezi aliendelea kuuliza kila mtu alikuwa wapi siku ile. Angetile akasema alikuwa Matema kwa rafiki yake. Rafiki akakana... Walimkamatia Songwe, anataka kuvuka.

Alikiri. Alichoma duka kwa hasira, akidhani Hellen ameshaondoka.

Nikaenda kwa Mama, nikiamini sasa tutalia pamoja.

Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha.

"Nilijua," akasema. "Shati lake lilinuka mafuta ya taa. Nililifua mwenyewe."

"Mama... ungemwacha Andrea anyongwe?"

"Andrea sikumzaa mimi. Mmoja nimezika. Wa pili umenichukulia wewe."

Uzamili nilisoma, na kazi hii naifanya mpaka leo. Mama alifariki hatujasemezana.

Ndugu zangu, ukiona mtu ana haraka ya kumhukumu mnyonge, jiulize anamficha nani. Na ukiamua kuusema ukweli, usitegemee shukrani ya nyumbani. Useme tu.