Mkono Uliotulia wa Mzee Yahaya

Kompyuta ilionyesha sifuri, na kama hapo hapo Najiat angeichomoa, mengine yote yasingetokea.

Hakuichomoa. Alidhani amekosea mahali. Tangu asubuhi alikuwa amekaa kwenye karakana ya baba yake pale Ipuli, akipakia mfumo wa Linux kwenye kompyuta kuukuu, pamoja na programu huria ya kuendeshea mashine ya kuchonga mbao, ile ya bure ambayo yeyote anaweza kuifungua aone ilivyoandikwa. Kabla ya kuunganisha mota ni lazima upime kompyuta inachelewa kiasi gani kuitikia amri. Ikisitasita, mota nazo zinasitasita, na kisu kinaharibu ubao. Kompyuta nzuri huchelewa kidogo, mbovu huchelewa sana, ila hakuna kompyuta duniani isiyochelewa kabisa. Hii ilisema sifuri, na nusu saa baadaye bado ilisema sifuri.

"Baba, njoo uone kioja!"

Mzee Yahaya akaja na kikombe cha chai. Najiat akashika kitambaa cha kufutia, maana kwa miaka minne mkono wa kulia wa mzee ulikuwa unatetemeka, chai ikifika mdomoni nusu imeshamwagikia kifuani. Fundi aliyechonga milango ya watu wazito wa Tabora alikuwa hawezi tena kushika patasi. Ndiyo sababu binti yake, aliyesomea umeme Dodoma, alimnunulia mashine. Lakini siku hiyo chai haikumwagika hata tone. Mzee akautazama mkono wake. Ulikuwa umetulia tuli.

"Alhamdulillahi," akanong'ona, machozi yakimtoka.

Nani angelalamika? Hata mimi ningenyamaza. Ila palikuwa na harufu. Mwanzoni ilikuwa ya asali iliyochacha, na ukivuta pumzi zaidi unakutana na nyingine chini yake, ya kidonda kilichofungwa bandeji wiki nzima. Najiat akainama kutafuta panya aliyekufa chini ya mashine. Hakuona kitu.

Kesho yake mzee alishika patasi mwenyewe, akaanza kuchonga ua kwenye kipande cha mninga. Najiat alikuwa mbele ya kompyuta, bado hajaunganisha waya wa mota hata mmoja. Kwenye kioo, namba za mahali kisu kilipo zikaanza kukimbia. Mzee akisogeza mkono kushoto, namba zinapungua. Akiupeleka kulia, zinapanda. Akipumzika, zinasimama.

"Baba, inua mkono kidogo."

Akauinua. Namba ya kimo ikapanda. Najiat akauchomoa waya wa umeme ukutani, na kioo hakikuzimika.

"Iache," mzee alisema, bila kugeuka. "Ninafanya kazi."

Siku tatu alifanya kazi. Mlango aliokuwa anauchonga ulikuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kuitoa, na sakafu chini yake ilikuwa uchafu mtupu. Unga wa mbao hukauka, wote tunajua, lakini unga huu ulikuwa na majimaji, ulishikana mabonge, na Najiat alipoufagia, fagio liliteleza. Ndani ya mabonge mlikuwa na nywele. Siku ya tatu akaona na ukucha mzima wa kidole gumba. Akatoka nje akatapika mpaka nyongo, na aliporudi akaushika mkono wa baba yake, akaugeuza juani. Ngozi imekuwa nyeupe na laini kama muhogo uliolowekwa ukasahaulika. Alipobonyeza kiganja, kidole chake kikaacha shimo, na shimo halikurudi.

"Baba, unaoza!"

"Mimi sisikii maumivu."

"Husikii hata harufu?"

"Harufu gani?" mzee aliuliza, na alikuwa anauliza kweli.

Najiat akaenda kumwita Bi Mwanne, mama mtu mzima anayejulikana mtaa mzima kwa kuwatoa majini kwa kisomo na ubani. Alifika mchana. Mlangoni tu akaziba pua kwa ncha ya mtandio.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Lo! Mnaishi humu?" Akaizunguka mashine, akagonga ubao mpana uliotandikwa juu yake, ule wa kulazia kazi. "Huu mmeutoa wapi?"

"Ni mlango wa zamani," Najiat akasema kwa sauti ya chini. "Jirani yetu Masele alibomoa nyumba kuukuu kwenye njia ya zamani ya misafara. Baba aliutaka kwa sababu mninga wa kale hauliwi na mchwa."

"Haukuwa na maandishi?"

Mzee Yahaya ndiye aliyejibu. "Ulikuwa na mistari ya wino upande wa ndani. Niliupiga randa. Meza ya mashine lazima iwe sawasawa."

"Mafundi!" Bi Mwanne akafyonya. "Mkiona kitu kina kikwaruzo hamlali. Ile mistari ilimfunga mtu asiye mtu, toka enzi za wapagazi wa misafara. Ubao mtauchoma, ila yeye hayumo tena humo. Amehamia mkononi. Akiumaliza atapanda begani, kisha moyoni. Na mimi simtoi kwa mtu anayempenda. Mwenye mkono aukatae kwa kinywa chake."

"Siukatai," mzee akasema.

"Baba!"

"Miaka minne nimelishwa kama mtoto, Najiat. Heri nioze nikiwa fundi."

Bi Mwanne akawasha ubani, akaketi kwenye mkeka, akawa anasoma chini chini. Chakula kilikuwa tayari, na mgeni haondoki na njaa. Najiat akaleta sinia la ugali na kuku, akaleta beseni na birika, akamnawisha baba yake kama alivyomnawisha maisha yake yote, na maji yalipopita juu ya ule mkono yalidondoka kwenye beseni yakiwa mazito, yenye utelezi, na ngozi ya vidole viwili vya mwisho ikavuka yote kwa pamoja kama soksi, ikaelea, na mzee akautumbukiza mkono ule ule kwenye sinia, akamega tonge, akalifinyanga taratibu kwa vidole visivyotikisika huku usaha mweupe ukiingia ndani ya ugali, akachovya mchuzi, akamnyooshea binti yake, kwa sababu tonge la kwanza siku zote, hata miaka ya kutetemeka, humlisha yeye.

"Kula, mama."

Najiat akalitazama lile tonge.

"Sili, Baba."

Hajawahi kulikataa tonge la baba yake, hata alipokuwa na homa. Mzee akabaki amenyoosha mkono hewani.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huu si mkono wako." Alikuwa analia. "Wako ulikuwa unanimwagia mchuzi kwenye kanga. Niliupenda. Huu nauchukia, Baba, unanitia kinyaa!"

Mzee akautazama mkono. Halafu pua yake ikatanuka, uso ukamkunjamana, na kwa mara ya kwanza akaisikia ile harufu. Akageukia pembeni akatapika.

"Siutaki," akasema. Akapangusa mdomo, akasema tena kwa nguvu, "Siutaki! Toka!"

Bi Mwanne akapaza kisomo. Mashine ikaguruma bila mota, kisu kikashuka, kikauchana ule ubao toka ncha hadi ncha, na ndani ya ufa yakachuruzika maji meusi yenye funza. Mzee akapiga yowe, maumivu ya siku tatu yakamjia kwa mkupuo mmoja. Vidole vyake viwili vya mwisho vikang'oka, vikaangukia kwenye beseni, na mle ndani vikawa vinajikunja na kujinyoosha, vinachonga maji. Bi Mwanne akavifunika kwa sufuria, akabeba beseni lote, akatoka bila kuaga. Kompyuta ilikuwa imezimika.

Najiat alifunga jeraha kwa kanga yake. Vidole vitatu vilivyobaki vilitetemeka vibaya kuliko zamani. Akalimwaga lile sinia, akasonga ugali mwingine, akamchemsha upya kuku aliyebaki jikoni. Akaketi mbele ya baba yake. Mzee akasitasita, kisha akamega tonge kwa vile vidole vitatu, akachovya, mchuzi ukamwagika mkekani, ukamwagika kwenye gauni la binti yake.

Najiat akafungua mdomo, akala.